Somo: Kuchagua Almasi na Vito vya Rangi kwa Pete ya Kuvaliwa Kila Siku

Somo hili ni la yule anayetafuta pete ya uchumba au ya ndoa yenye jiwe, ambaye amekusanya fedha zake kwa muda mrefu na hataki zipotee kwa mchana mmoja katika duka la Kampala. Wengi niliowahi kuwasindikiza kwa sonara kabla ya kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho kwa wakwe, huuliza kwanza jiwe ni la karati ngapi. Mimi huanza na mkono utakaolivaa.

Hatua ya kwanza: mkono na kazi zake

Mkono unaomenya matoke, unaofua na unaobeba mitungi ya maji hugonga vitu vingi kwa siku moja. Ugumu wa vito hupimwa kwa kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10: almasi ni 10, yakuti nyekundu na yakuti samawi ni 9, zumaridi ni 7.5 hadi 8, tanzanaiti ni 6 hadi 7, na lulu haifiki hata 5. Vumbi letu jekundu la kiangazi lina chembe za kwatzi, madini ya mchanga ambayo ugumu wake ni 7, kwa hiyo anayeifuta tanzanaiti kwa leso kavu huikwaruza kidogo kidogo bila kujua. Sisemi tanzanaiti isinunuliwe. Ni jiwe la jirani zetu, linalochimbwa Mererani nchini Tanzania, na katika hereni au kidani hudumu miaka mingi; ila katika pete ya kila siku ningeliepuka.

Ugumu nao si uimara. Almasi haikwaruziki kirahisi, lakini ikigongwa vibaya ukingoni hubanduka kipande. Kwa mwenye kazi za mikono, jiwe lililozungushiwa ukingo wa dhahabu ni salama kuliko lililoinuliwa juu ya vijikucha vyembamba, vinavyonasa nyuzi za nguo.

Hatua ya pili: mkato wa almasi

Karati ya jiwe ni uzito, si ukubwa unaoonekana, na karati 1 ni gramu 0.2. (Karati ya dhahabu ni jambo jingine: dhahabu ya karati 18 ina sehemu 750 za dhahabu halisi katika kila 1,000.) Almasi ya mviringo ya karati 1 iliyokatwa vizuri huwa na kipenyo cha takriban milimita 6.5. Ukiletewa jiwe la karati 1 lenye milimita 6 tu, ujue kwamba mkataji ameuacha uzito chini ya jiwe, mahali usipoonekana, na wewe unaulipia.

Hasara haiishii kwenye kipimo. Almasi hung'aa kwa sababu mwanga unaoingia kwa juu hupiga nyuso za chini, hurudi ndani na kutokea tena machoni pa mtazamaji. Jiwe likiwa na kina kupita kiasi, katikati huwa jeusi, na likiwa bapa mno, mwanga hupenya chini na jiwe hufifia kama kipande cha kioo. Ndiyo sababu ningechukua karati 0.90 yenye mkato bora na kuiacha karati 1 yenye mkato hafifu, hasa kwa kuwa bei hupanda ghafla uzito unapofika namba kamili.

Usiamue chini ya taa za dukani. Taa zile ndogo zenye mwanga mkali zimewekwa makusudi, na chini yake hata zirkonia, jiwe la kutengenezwa linaloigiza almasi, humetameta. Omba kulitazama jiwe mlangoni, kivulini, kisha karibu na dirisha. Muuzaji anayekataa amekwisha kukujibu.

Hatua ya tatu: rangi na usafi

Hapa sitakawia. Rangi ya almasi hupangwa kwa herufi kuanzia D, isiyo na rangi, hadi Z, yenye umanjano unaoonekana. Ikiwa pete ni ya dhahabu ya manjano, almasi ya daraja la J haitakuaibisha, kwa sababu dhahabu yenyewe hulitia jiwe joto la rangi. Kuhusu usafi, tafuta jiwe ambalo dosari zake hazionekani kwa macho matupu. Madaraja ya VS2 (dosari ndogo sana), na mara nyingi SI1 (dosari ndogo), yanatosha.

Hatua ya nne: vito vya rangi na yaliyofanyiwa

Katika yakuti na zumaridi, swali kubwa ni hili: jiwe limefanyiwa nini? Yakuti nyingi huchomwa kwa joto kali ili rangi ikolee, na jambo hilo limekubalika sokoni mradi litajwe. Yakuti nyekundu iliyojazwa kioo chenye risasi ni habari tofauti kabisa, kwani nyufa zake zimezibwa kwa kioo ambacho hata maji ya limau huweza kukila. Zumaridi nazo hutiwa mafuta ili nyufa zisionekane. Dada yangu alipeleka pete yake ya zumaridi kusafishwa. Fundi akaitumbukiza katika mashine ya mtetemo, mafuta yakatoka, na jiwe likarudi limejaa mistari myeupe ambayo hatukuwahi kuiona. Fundi alisema tulimpelekea jiwe bovu. Zumaridi husafishwa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kitambaa, basi.

Hatua ya tano: cheti

Cheti kilichoandikwa na muuzaji mwenyewe ni risiti tu. Kwa almasi ya bei kubwa, dai ripoti ya maabara isiyouza vito, kwa mfano GIA ya Marekani, kisha hakiki namba yake kwenye tovuti ya maabara hiyo. Mawe mengi huwa yamechorwa namba hiyohiyo kwa leza kwenye kiuno, yaani ukingo mwembamba unaolizunguka jiwe. Mwombe sonara akuonyeshe kwa lenzi.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Jinja:* Ndugu, muuzaji alinigusishia jiwe kwa kifaa kikalia kwamba ni almasi. Je, inatosha?

Haitoshi. Vifaa vingi vya aina hiyo hupima jinsi joto linavyopita, na moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, hupitisha joto vizuri kiasi cha kuvidanganya. Ukilitazama jiwe kwa lenzi ya mara 10 likiwa limeinamishwa kidogo, kingo za nyuma za moisanaiti huonekana mbilimbili. Za almasi hazionekani hivyo.

*Mwanachama wa Mbale:* Almasi za maabara ni bandia?

Hapana, dada. Ni kaboni ileile, yenye ugumu uleule, na jicho haliwezi kuzitofautisha na za mgodini. Tofauti iko kwenye bei: hununuliwa kwa fedha kidogo sana, na ukitaka kuiuza baadaye utapata kidogo zaidi. Anayeificha asili yake ili akutoze bei ya mgodini, huyo ndiye mdanganyifu.

*Mwanachama wa Arua:* Kuna mtu ameniletea almasi ghafi kutoka ng'ambo ya mpaka kwa bei nafuu. Nifanyeje?

Usinunue, kaka. Tangu 2003, chini ya Mpango wa Kimberley, almasi ghafi zinazovuka mipaka hutakiwa kuwa na cheti cha serikali na kusafirishwa katika kifurushi kilichofungwa kwa lakiri. Zinazotoka mfukoni mwa mtu ama ni za magendo, ama ni kwatzi.

*Mwanachama wa Masaka:* Nimerithi pete ya lulu ya marehemu bibi. Naweza kuivaa jikoni?

Ivue kabla ya kupika na kabla ya kujipaka manukato, kwani asidi na spiriti huula mng'aro wa lulu. Ukirudi kutoka sherehe, ipanguse kwa kitambaa laini chenye unyevu, uiache ikauke, kisha uihifadhi peke yake, mbali na pete zenye mawe magumu.