Kuandaa somo la wauguzi wa saratani linalosomeka simuni bila bando

Mwongozo huu ni wa mwezeshaji aliyeko Tanga ambaye wauguzi wake wametawanyika: wengine wako hospitali ya Bombo, wengine Muheza, Korogwe au Lushoto. Unahitaji tovuti ya Moodle (mfumo wa kufundishia mtandaoni), programu yake kwenye simu za wauguzi na kompyuta moja. Kundi la WhatsApp liwe la matangazo tu. Somo likipita huko linazama chini ya salamu za asubuhi, na hutajua nani amelisoma.

1. Chagua tukio moja la wodini

Achana na "Utangulizi wa Saratani". Chukua, kwa mfano, doksorubisini, dawa ya saratani ya dripu, inayovuja nje ya mshipa. Mgonjwa anasema, "Nesi, hapa panaungua," na ngozi kuzunguka kanula (mrija mdogo uliochomekwa mshipani) imeanza kuvimba. Somo zima liwe dakika zinazofuata: simamisha dripu, usiichomoe kanula, usisukume maji, vuta kwa sirinji dawa iliyobaki, ndipo utoe kanula. Inua mkono, weka ubaridi, mwite daktari, andika kwenye faili.

Kisha uliza: je, ingekuwa vinkristini, dawa nyingine ya saratani? Hiyo inawekewa joto. Aliyekariri "barafu" kwa kila dawa atakwama hapo, na ni heri akwame kwenye simu kuliko kwenye mkono wa mgonjwa.

2. Rekodi video

Dakika 3 hadi 4, kwa Kiswahili, ionekane mikono na kanula tu. Tumia mkono wa plastiki wa mazoezi. Mgonjwa asionekane hata kwa kuzibwa uso. Taarifa zake zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Punguza uzito wa faili kwa HandBrake, programu ya kompyuta ya kubana video: chagua mfumo wa kubana wa H.264, ukubwa wa picha wa 480p, sauti ya mono. H.265 hutoa faili dogo zaidi, lakini simu nyingi za zamani hukwama kuicheza.

3. Pandisha somo, wauguzi walipakue

Wapakue wakiwa kwenye Wi-Fi, siku mnapokutana.

4. Jaribio la bila mtandao

Hapa ndipo kazi ya wiki nzima hupotea, basi nenda polepole.

Kwenye mipangilio ya jaribio, yaani maswali ya kupima somo ndani ya Moodle, kuna ruhusa ya kulifanya kwenye programu ya simu bila mtandao. Iwashe. Lakini ruhusa hiyo haifanyi kazi ukiweka kikomo cha muda, ukibana jaribio lifanyike kwenye mtandao wa jengo fulani tu, au ukichagua jibu sahihi lionekane papo hapo baada ya kila swali. Wawezeshaji wengi huweka dakika 20 kwa mazoea ya mitihani, halafu muuguzi akifika nyumbani anaambiwa hakuna mtandao. Ondoa muda, na marejesho, yaani majibu sahihi, yaje mwishoni.

Jaribio lipakuliwe kabla ya kuondoka. Ukibadilisha swali baadaye, watangazie walipakue upya.

Aliyeanza kwenye simu amalizie kwenye simu hiyohiyo. Akiendelea na jaribio hilo kwenye kompyuta ya ofisini, majibu yaliyosubiri simuni yanaweza kutupwa wakati wa kusawazisha, yaani simu inapoyatuma kwenye tovuti.

Akimaliza, majibu bado yamo ndani ya simu. Asiifute programu wala data zake kwa sababu simu imejaa; afute picha kwanza. Aiwashe data, aifungue programu na asubiri hadi yapande. Anayetegemea bando aangalie pia kwenye mipangilio ya programu kama usawazishaji umewekewa Wi-Fi pekee. Kama ni hivyo, auzime mpangilio huo, la sivyo majibu yatakaa hapo siku nyingi.

Tarehe ya kufunga isiwe Jumapili usiku. Weka Jumatano, ili aliyetoka zamu za usiku za wikendi apate mtandao.

Kabla ya kuwapa wengine, chukua simu ya bei nafuu, iweke kwenye hali ya ndege, fanya jaribio lote, kisha rudisha mtandao na uangalie kama alama zimefika.

5. Maswali

Matano yanatosha. Moja liwe la hesabu: mgonjwa wa sentimita 160 na kilo 60 ana eneo la mwili (kipimo cha kukokotolea dozi) kiasi gani? Zidisha urefu kwa uzito, gawa kwa 3,600, tafuta kipeuo cha pili: mita za mraba 1.63. Kwenye machaguo weka pia 2.67, ambalo ni jibu la aliyesahau kipeuo. Dozi ya mgonjwa huyo ingezidi kwa zaidi ya nusu.

6. Soma matokeo swali kwa swali

Wastani wa kundi haukuambii kitu. Tazama ni jibu gani potofu lililochaguliwa na wengi, na hilo ndilo la kurudia ana kwa ana, kanula na sirinji zikiwa mezani. Alama za simu zisitumike kumruhusu mtu kutoa dawa za saratani. Mikono yake ithibitishwe na muuguzi mzoefu aliyesimama kando yake.