Kiongozi wa Kikundi cha Akiba: Mtambue Kabla ya Siku ya Kura

Kikundi cha hisa, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, kikivunjika katikati ya mzunguko, kabla ya siku ya kugawana, ukichimba chanzo mara nyingi utakuta uchaguzi uliofanyika kwa dakika kumi. Mmoja alitaja jina, mwingine akasema "naunga mkono", makofi yakapigwa, kazi ikaisha. Miezi sita baadaye vitabu havisomeki na mikopo hairudi. Inauma zaidi kwa sababu mtu aliyefaa alikuwamo humo humo, amekaa mkeka wa nyuma, na hakuna aliyemwangalia.

Kumwona kunahitaji muda. Anza vikao visivyopungua vinne kabla ya uchaguzi, uwe na daftari dogo lako mwenyewe.

Jua kwanza unamtafutia mtu nafasi gani

Kamati ya kawaida ina watu watano: mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku na wahesabu fedha wawili. Nje ya kamati wapo washika funguo watatu, kwa kuwa sanduku lina kufuli tatu na kila ufunguo hulala nyumba yake. Nafasi hizi hazitaki mtu wa aina moja. Katibu lazima aandike na kujumlisha bila kukosea. Mtunza sanduku anaweza asijue kusoma kabisa, ila nyumba yake iwe salama na asiwe ndugu wa mshika funguo yeyote. Mwenyekiti anatakiwa aweze kumwambia mtu mzima "kaa chini, zamu yako bado" na yule mtu akakaa bila kuona amedhalilishwa. Uwezo huo wa mwisho ndio adimu, na ndio watu wanaousahau wakianza kuuliza nani ana cheti.

Mambo ya kuandika kwenye daftari

Angalia salio. Vikundi vingi hufunga kikao kwa kutangaza salio la mfuko wa mikopo na la mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, kila mtu alishike kichwani, na kikao kinachofuata huanza kwa kuulizana. Nani hulitaja bila kubahatisha? Mtu anayekumbuka kwamba wiki iliyopita ziliuzwa hisa 71 za shilingi 2,000, yaani 142,000, anazihesabu pesa za wenzake kama zake. Andika jina lake, hata kama ni kijana wa bodaboda ambaye hajawahi kusimama kuongea.

Kisha angalia ugomvi wa faini. Mwanachama amechelewa, anatakiwa kutoa 500, anasema mtoto alikuwa mgonjwa. Sauti zinapanda. Hapo usimwangalie anayegombana, waangalie wengine. Yupo atakayecheka na yupo atakayechochea. Halafu yupo atakayeuliza kwa sauti ya kawaida, "Katiba yetu inasemaje kuhusu ugonjwa?" Na angalia macho ya watu: mzozo ukipanda, wanamgeukia nani kabla hata mwenyekiti hajasema neno? Huyo tayari anaongoza, hana cheo tu.

Mengine ni madogo lakini yanajirudia. Nani humsogelea mwenzake asiyeelewa mihuri ya hisa kwenye kitabu chake na kumweleza taratibu? Nani hulipa faini yake bila maneno? Mwanachama akifiwa, nani anauliza kama mchango wa mfuko wa jamii umefika? Jambo likitokea mara moja ni bahati. Likitokea vikao vitatu kati ya vinne, ni tabia.

Mpe kazi ndogo, umwone

Kutazama peke yake hakutoshi. Chagua majina matatu au manne, na kila mmoja apewe kazi yenye mwisho unaojulikana: kuulizia bei ya sanduku kwa mafundi watatu, kununua wino wa muhuri, au kufuatilia marejesho ya watu watano ndani ya wiki mbili. Usimsimamie.

Akirudi, tazama mambo matatu. La kwanza, ameleta risiti na chenji kabla ya kudaiwa? La pili, kama kazi imekwama, alisema mapema au mlisubiri hadi siku ya kikao ndipo mjue? Anayetoa taarifa mbaya mapema ana thamani kubwa kuliko aliyefanikiwa kwa bahati. La tatu, alimshirikisha mwingine? Mchapakazi anayefanya kila kitu peke yake huonekana dhahabu mwaka wa kwanza. Akiugua au akihama, hakuna mwingine anayejua vitabu.

Kwa katibu, jaribio ni la wazi zaidi. Mkalishe karibu na katibu wa sasa kwa vikao vitatu, aandike kurasa za wanachama watano na kujumlisha, katibu akikagua papo hapo. Ukiona anafuta na kuandika juu yake, mweleze kwamba kosa hukatwa kwa mstari mmoja, tarakimu sahihi ikaandikwa pembeni. Akirudia kufuta baada ya kuelezwa, mtafutie nafasi nyingine.

Wanaohadaa macho

Msemaji hodari ndiye wa kwanza. Muulize swali la hesabu, au umhesabie ni mara ngapi amemkatiza mwenzake. Tajiri wa kikundi ni wa pili: huenda ni mtu mwema kabisa, lakini akiwa mkopaji mkubwa na pia mwenyekiti, nani atamdai? Wa tatu ni mpole asiyeweza kukataa. Kikundi kimekubaliana mkopo usizidi mara tatu ya akiba, anakuja rafiki analia, naye anapitisha mara tano.

Upande wa pili wapo wanaoachwa kwa kuonewa. Mama mwenye mtoto mchanga anafika amechelewa kila wiki kwa sababu kikao kiko saa ya kupika. Sogezeni saa kwanza, ndipo mseme hana nidhamu.

Zungumza naye, kisha mpige kura ya siri

Mtu wa namna hii mara nyingi atakujibu, "Mimi sijasoma, mtafute mwingine." Usimbembeleze kwa sifa. Mwambie ulichokiona kwa tarehe: kikao kile ulitaja salio, kile kingine ulituliza mzozo. Muulize anachoogopa. Kikiwa ni kuandika, katibu yupo kwa ajili hiyo. Kikiwa ni mume au mke kutoafiki, aende akaongee nyumbani kabla jina halijatajwa hadharani.

Kila nafasi iwe na wagombea wawili au zaidi, na msinyoosheane mikono. Mtu hawezi kumnyima kura jirani yake huku anatazamwa. Tumieni mifuko ya rangi tofauti, kila mgombea na rangi yake, iwekwe chumbani au nyuma ya kanga iliyotundikwa. Kila mwanachama anaingia na kijiwe kimoja. Hata asiyejua kusoma anapiga kura bila msaada, na vijiwe vinahesabiwa mbele ya wote.

Kwa Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi hivi daraja la nne na inavitaka visajiliwe, kwa hiyo andikeni muhtasari wa uchaguzi siku hiyo hiyo.

Walioshindwa kwa kura chache wapewe funguo za sanduku, na daftari lako lihifadhi majina yao kwa mzunguko ujao.