Pima erthi ya amplifaya muziki ukiwa juu

Besi ikilegea unapopandisha sauti, au amplifaya ya gari ikijizima, usikimbilie kubadilisha mashine. Pima erthi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bati la gari) kwanza, tena ikiwa kazini. Washa injini, weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye skrubu ya erthi ya amplifaya yenyewe. (Waya wa mita haufiki buti? Unganisha waya wowote, hata mwembamba. Mita haivuti umeme wa maana.) Piga wimbo wenye besi nzito. Namba ikibaki chini ya nusu volti, erthi ni nzima. Ikiruka hadi volti 1 kila besi inapodunda, hamisha ncha ya pili kwenye bati tupu kando ya bolti ya erthi. Namba ikishuka ghafla, ubovu uko kwenye waya au bolti, na mara nyingi ni rangi ya gari iliyobaki kati ya waya na bati: kwangua hadi bati ling'ae. Isiposhuka, kagua ule waya mfupi wa betri kwenda bodi, ambao mafundi wengi huusahau.

Kupima omu (ukinzani wa waya) gari likiwa limezimwa hakusaidii. Omu 0.02 kwa mita ya kawaida ni kama sifuri, ila ampea 50 zikipita hapo unapoteza volti nzima. Ndiyo maana pia sauti ikiwa chini kipimo hiki hudanganya. Na mlio unaopanda na injini hakitaufichua kama unaingilia kwenye nyaya za RCA, zile zinazoleta sauti kutoka redio.