Kabla hujachomeka friji jipya: mambo ya kuzingatia na huu umeme wa kupanda na kushuka

Sisi wa Kigoma umeme wa mashaka tumeuzoea, miaka mingi mji ulikuwa unaendeshwa na majenereta ya dizeli, kwa hiyo ukikatika mtu wala hashtuki, anawasha tochi ya simu maisha yanaendelea. Shida ni kwamba tunaogopa kukatika tu, wakati umeme ukikatika kabisa friji linapumzika zake. Kinachoua vitu ni umeme uliopungua nguvu halafu unaendelea kuwaka hivyo hivyo, na ile sekunde unaporudi. Kwa hiyo kama unataka kununua friji la kuwekea samaki wetu wa ziwani, migebuka, au la kuuzia juisi na maji pale Mwanga au Ujiji, kuna mambo ya kufanya kabla hujatoa hela.

La kwanza pima, usikisie. Umeme wa nyumbani ni volti 230, na vifaa vingi vinavumilia kama asilimia kumi juu au chini, yaani 207 mpaka 253 hivi hakuna neno. Ile testa ya bisibisi inakuambia tu waya una umeme au hauna, volti ngapi haijui. Azima maltimita, kile kipimo cha umeme, kwa fundi au nunua kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi kinachoonyesha volti, upime kati ya saa moja na saa nne usiku watu wote wakiwa wamewasha, halafu upime tena alfajiri mtaa ukiwa umelala. Jioni ukikuta 175 na alfajiri 235, hapo ni mzigo wa watu wengi, au nyumba yako iko mwisho wa laini mbali na transfoma. Lakini kama inashuka kwako tu na kwa jirani wa laini hiyo hiyo iko vizuri, kosa liko kwenye waya unaotoka nguzoni kuja kwako au kuna kiungo kimelegea mahali, na hapo usikimbilie stabilaiza, yaani kifaa cha kusawazisha volti, toa taarifa TANESCO waje waangalie upande wao na fundi aangalie wako. Kiungo kilicholegea kinachemka, nyumba inaweza kuungua hivi hivi.

Sa kwa nini friji? Kwa sababu ndani lina mota. Pasi ya wati 1000 ukiipa volti 180 inatoa joto la kama wati 600, nguo zinachelewa kunyooka basi, na chaja za simu nyingi zimeandikwa 100-240 kwa hiyo wala hazijali. Mota haina uvumilivu huo, volti zikishuka inavuta ampea nyingi kuliko kawaida au inashindwa kabisa kuzunguka, nyaya za ndani zinachemka mpaka zinaungua. Jioni moja kaa karibu na friji usikilize, ukisikia linaguna mmmm kwa sekunde chache, halafu tik, kimya, baada ya muda linaguna tena, tik, ujue kompresa, ndo hiyo mota inayosukuma gesi, inajaribu kuwaka inashindwa na ovalodi, swichi yake ya kinga, inaikatia. Lichomoe hapo hapo, usisubiri tamthilia iishe.

Dukani ndo watu wanapigwa, maana kila kitu kinaitwa kinga. Friji gadi haiongezi volti wala haipunguzi, inakata tu zikiwa chini sana au juu sana, na umeme ukirudi inasubiri dakika kadhaa ndo iruhusu. Kule kusubiri ndo unakokulipia, kwa sababu kompresa ikizimika gesi ndani bado ina presha, ukiilazimisha kuwaka muda huo huo inakwama. Kama kwako volti ziko sawa ila umeme unakatika katika, gadi inatosha na sio ghali. Ila kwa nyumba ya volti 175 kila jioni gadi itakata jioni nzima, friji zima na samaki wameoza, hapo lazima stabilaiza. Na stabilaiza usiichague kwa wati zilizoandikwa kwenye friji, maana friji la wati 150 likianza kuwaka linavuta mara kadhaa ya hapo, chukua ya VA 1000 (ndo kipimo cha uwezo wake) kwenda juu, na usome inapokea kuanzia volti ngapi, sio yako inashuka mpaka 160 na yenyewe mwisho wake ni 180. Muombe muuzaji aichomeke pale pale, ikitoa umeme papo hapo bila kusubiri muulize kitufe cha kuchelewesha kiko wapi. Zile ekstensheni zenye kitaa chekundu nyingi ni soketi tu zimeongezwa, kinga hamna.

Eathi, ule waya unaoenda ardhini, nayo ikaguliwe na fundi mwenye leseni, usikubali waya uliochomekwa tu kwenye udongo mkavu.

Halafu kuna nyutro kukatika, ule waya wa kurudishia umeme, hii wengi hawaijui. Ikikatika kwenye laini ya fezi tatu, nyumba zingine taa zinafifia na zingine volti zinapanda kuelekea 400. Ukiona taa zimekuwa kali ghafla na feni inavuma kuliko kawaida, usianze kuchomoa kimoja kimoja, zima meini swichi kwanza ndo upige simu. Wafundishe na watoto wanaobaki nyumbani.

Mvua zikianza Novemba mpaka Aprili ni msimu wa radi, na hapo gadi na stabilaiza zote usizitegemee. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, plagi itoke kwenye soketi, na waya wa dishi nao uchomolewe kwenye dekoda, maana radi inapita huko pia, ila fanya hivyo mapema wingu likikusanyika, sio radi ikishaanza kupiga. Ukitoka asubuhi na nyumbani habaki mtu, TV na dekoda viache vimechomolewa kabisa. Friji siku ambazo hakuna wingu la radi liache kwenye gadi yake, huwezi kulichomoa kila siku na samaki wamo.