Somo: Alama za kulinganisha kwenye SQL, kwa daftari la samaki

SQL ni lugha ya kuuliza data iliyo kwenye majedwali. Tuchukue jedwali la mzigo unaopokelewa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Linaitwa mapokezi, lina safu nne: samaki, urefu_cm, mnunuzi na muda (tarehe na saa).

1. Anza bila sharti, uone data ilivyo:

SELECT * FROM mapokezi;

2. Ongeza sharti kwa WHERE:

SELECT * FROM mapokezi WHERE samaki = 'sangara';

Maandishi hufungwa kwa nukuu moja moja, namba haifungwi. "Sawa na" ni = moja, si mbili kama kwenye lugha ya programu ya Python. "Tofauti na" ni <>.

3. Angalia mpaka. Hapa ndipo wengi wanateleza. urefu_cm > 50 inamwacha nje sangara wa sentimita 50 kamili; >= 50 inamchukua. BETWEEN 50 AND 85 inachukua ncha zote mbili. Ukigeuza, BETWEEN 85 AND 50, hupati hata mstari mmoja, wala huonywi.

4. Kwa safu yenye saa, achana na BETWEEN. Ukiandika '2024-03-01' AND '2024-03-31', hesabu inakomea usiku wa manane tarehe 31 inapoanza. Mzigo wote wa asubuhi hiyo unapotea. Andika hivi:

WHERE muda >= '2024-03-01' AND muda < '2024-04-01'

Maswali

– Mwalimu, natafuta mzigo usio na mnunuzi. Nimeandika mnunuzi = NULL, napata sifuri, na mzigo upo.

NULL si thamani, ni pengo. Ukiilinganisha na chochote, hata na NULL nyingine, jibu si kweli wala si uongo, na WHERE hupitisha kweli tu. Andika mnunuzi IS NULL. Kwa sababu hiyohiyo, mnunuzi <> 'kiwanda' inaruka mistari yenye pengo. Ukiitaka: (mnunuzi <> 'kiwanda' OR mnunuzi IS NULL). Usiache mabano, maana AND huanza kabla ya OR.

– Kwangu 'Sangara' na 'sangara' ni vitu viwili, kwa mwenzangu ni kimoja?

Huenda wewe uko PostgreSQL, yeye MySQL; ni programu mbili tofauti za kutunza data kwa SQL. Tumia LOWER(samaki) = 'sangara'.

– urefu_cm > '50' inaleta samaki wa 9, inamwacha wa 120!

Safu yako ni ya maandishi. Herufi hulinganishwa moja moja toka kushoto: 9 inaipita 5, 1 haiifikii. Ibadilishe iwe ya namba:

ALTER TABLE mapokezi ALTER COLUMN urefu_cm TYPE integer USING urefu_cm::integer;

Hiyo ni ya PostgreSQL. Ikigoma, tafuta mstari ambao karani aliandika "52 cm", ufute hiyo cm, kisha urudie.