Kinga ya Usiku kwa Anayesaga Meno: Namna ya Kuipata, Kuivaa na Kuitunza

Mtu anayesaga meno usingizini kwa kawaida huwa wa mwisho kujua. Anayelala karibu naye husikia mkwaruzo, ilhali yeye mwenyewe huamka tu na taya zilizochoka, maumivu kwenye panja, au meno yanayoingia ganzi akinywa maji baridi. Ukijishuku, simama mbele ya kioo penye mwanga wa kutosha uangalie chonge zako kama bado zina ncha, kingo za meno ya mbele kama zimelika na kuwa bapa, na pembeni mwa ulimi kama kuna alama za meno. Dalili hizi zichukuliwe kwa uzito mapema, kwa sababu enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ikishalika haioti tena.

Ni muhimu kufahamu tangu mwanzo kwamba kinga, yaani kifaa kinachovaliwa juu ya meno wakati wa kulala, haikomeshi kusaga. Misuli ya taya huweza kuendelea kukaza usiku kama kawaida, lakini kinga hukaa kati ya meno ya juu na ya chini, ikasagika yenyewe badala ya meno na kusambaza nguvu ambayo ingelielemea jino moja au mawili. Zipo kinga za kununua zikiwa tayari, nyingine hulainishwa kwa maji moto kisha zikaumwa ili zishike umbo, na hizo zaweza kufaa kwa muda mfupi. Hata hivyo, kwa mtu anayesaga kwa nguvu kila usiku, mimi napendekeza bila kusita ile ya akriliki ngumu, yaani aina ya plastiki, iliyotengenezwa kwa kipimo cha kinywa chake, kwa kuwa ile laini hutoboka upesi zaidi na baadhi ya watu huitafuna zaidi badala ya kutulia.

Kabla ya kupimwa, maliza matibabu mengine kwanza. Kinga hufuata umbo la meno yako kama yalivyo siku ya kipimo. Jino likizibwa au kuvikwa taji, yaani kifuniko cha jino, baadaye, huenda isiingie tena. Mweleze daktari wa meno dawa unazotumia, kwani baadhi ya dawa za sonona huambatana na kusaga meno. Mweleze pia iwapo unakoroma sana au huamka na uchovu, maana kukatika pumzi usingizini huhitaji kuchunguzwa kwa njia yake, na kinga isiyofaa yaweza kuizidisha hali hiyo. Watoto kwa kawaida hawawekewi kinga hizi, kwa sababu taya zao zinakua na meno yanabadilika, na wengi wao huacha kusaga wenyewe.

Kipimo huchukuliwa kwa sinia ndogo yenye dawa laini kama uji mzito, ambayo huganda mdomoni kwa dakika chache, au kwa kamera maalumu inayopita juu ya meno. Ukihisi kichefuchefu, inamisha kichwa mbele kidogo na uvute pumzi kwa pua, taratibu. Omba kinga ifunike meno yote ya taya moja, kwani meno yanayoachwa wazi kwa muda mrefu huweza kusogea na kuharibu namna unavyouma.

Ziara ya kuijaribisha ndiyo yenye uzito kuliko zote, na inasikitisha kuona watu wakiiharakisha. Kinga inapaswa kuingia kwa kusukumwa na vidole, bila kulazimishwa kwa kuuma, na ikishakaa isicheze. Daktari atakupa karatasi nyembamba ya rangi uiume, kisha atatazama madoa yaliyobaki juu ya kinga: doa zito upande mmoja humaanisha kwamba upande huo unabeba mzigo peke yake. Atasugua hapo, utauma tena, naye ataendelea hivyo mpaka meno ya kushoto na kulia yaguse kwa wakati mmoja na kwa uzito unaolingana. Usinyamaze kwa kuona haya ukihisi jino moja linatangulia kugusa, wala usijaribu kuipunguza mwenyewe nyumbani kwa tupa.

Katika usiku wa mwanzo mate huweza kuongezeka na meno yakahisi kubanwa. Hali hiyo kwa kawaida hupungua kadiri unavyoizoea. Asubuhi, meno yakikutana isivyo kawaida kwa muda mfupi si jambo la kutia hofu. Lakini hali hiyo ikiendelea mchana, au kiungo cha taya kilicho mbele ya sikio kikianza kuuma, acha kuivaa na urudi kwa daktari.

Kila uamkapo, isafishe kwa mswaki laini, maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Maji moto huipinda, na dawa ya meno huikwaruza, kisha uchafu hujificha ndani ya mikwaruzo hiyo. Ikauke kabla ya kuiweka katika kisanduku chenye matundu, mahali ambapo mbwa hafiki, maana mbwa hupenda sana kuitafuna.

Mchana, zoeza taya kupumzika: midomo imefungwa, meno hayagusani. Punguza kahawa, pombe na tumbaku nyakati za jioni. Nenda na kinga yako kila unapochunguzwa meno, kwa sababu daktari huweza kusoma kutokana na mikwaruzo yake ni upande gani unaosaga zaidi, akairekebisha. Ikipata ufa, ikitoboka au ikianza kulegea, acha kuivaa na uombe kipimo kipya.