Dawa za presha baada ya operesheni ya moyo: mambo ya kuweka sawa kabla mgonjwa hajafika nyumbani

Siku mzee wetu anaruhusiwa akili zetu zote zilikuwa kwenye usafiri, gari isije ikawa ya kurushwarushwa, foleni ya jioni tuikwepe, mto wa kukumbatia kifuani tusiusahau, basi. Mfuko wa dawa niliubeba mimi kama mtu aliyetoka sokoni na vitunguu. Siku ya tano nyumbani mashine inasoma mapigo 44, mzee yuko kwenye kochi anasema hana shida ila kikombe cha chai kinamshinda kunyanyua. Kumbe anakunywa bisoprololi aliyoandikiwa baada ya operesheni, halafu asubuhi anaongezea na atenololi yake ya zamani iliyokuwa kwenye kopo juu ya friji miaka yote hiyo. Hizo dawa ni ndugu, zote zinapunguza mwendo wa moyo. Hakuna aliyemkataza kwa sababu hakuna aliyejua kama lile kopo bado lina kitu. Tulipiga simu wodini tukaambiwa tumrudishe siku ileile, ya zamani ikasimamishwa, baada ya siku mbili akaanza kugombana na taarifa ya habari kama kawaida yake.

Kwa hiyo mi nikiulizwa jambo la kwanza ni lipi, nasema kopo. Kabla mgonjwa hajatoka wodini mtu mmoja apite nyumba nzima, droo, kabati, mkoba wa mama, hata dashbodi ya gari, akusanye kila kidonge cha zamani akiweke kwenye mfuko aende nacho hospitali, daktari au mfamasia aoneshwe aseme hii inaendelea, hii imekufa. Presha ya mtu aliyefunguliwa kifua siyo ile aliyoingia nayo, wengine inashuka wiki za mwanzo na wengine inapanda, ndo maana dozi zinabadilishwabadilishwa, usije ukashangaa.

Na uliza pale pale. Zamani wagonjwa wetu wengi walikuwa wanapelekwa India, lakini tangu 2015 tuna JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, operesheni inafanyika hapa hapa na maelezo unapewa kwa Kiswahili, sasa ukirudi nyumbani hujui kidonge cha njano ni cha nini hapo umejitakia. Kila dawa uliza inafanya nini, inanywewa saa ngapi, italeta maudhi gani, nikisahau nifanyeje, na namba gani ya kupiga hata Jumapili. Sisi tuliandika kwa makapeni juu ya kila boksi, "ya mapigo", "ya mkojo", "ya kufungua mishipa".

Kizunguzungu ndo kitakachokusumbua zaidi, na hapa ndo nyumba inatakiwa iandaliwe. Aliyepasuliwa mfupa wa kifua haruhusiwi kujisukuma kwa mikono wiki kadhaa za mwanzo, yaani kuamka tu kitandani tayari ni shughuli, sasa ongeza na vidonge vinavyoshusha presha, akisimama ghafla damu inabaki miguuni, kichwa kinakuwa chepesi, na akiyumba hana mkono wa kujishikilia. Ageuke kwanza ubavu, miguu ishuke, akae ukingoni dakika mbili anachezesha nyayo, ndo asimame. Choo cha kuchuchumaa ni hatari zaidi ya kitanda, kuinuka kutoka kule chini bila kusukuma kwa mikono na presha iko chini, hata mzima anaona nyota. Fundi wetu alikata tundu kwenye kiti cha plastiki kigumu, tukakiweka juu ya shimo, kazi ikaisha. Usiku weka kopo la mkojo karibu, pamoja na taa isiyozimwa, na kama daktari hajasema vinginevyo dawa ya mkojo, ile inayotoa maji mwilini, inywewe asubuhi, maana ikinywewa jioni mtu ataamka mara nne na kila kuamka ni nafasi ya kuanguka. Maji ya kuoga ya moto sana nayo yanashusha presha, yawe ya uvuguvugu.

Mashine ya presha nunua ile ya mkononi juu ya kiwiko, ya kwenye kifundo cha mkono inadanganya kirahisi. Apumzike dakika tano, mgongo umeegemea, mkono uwe usawa wa moyo, asiwe ametoka kunywa kahawa. Kama analalamika kizunguzungu mpime akiwa amekaa halafu umpime tena baada ya kusimama dakika moja na ya tatu, namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi hiyo ni habari ya kumpelekea daktari. Na muombe daktari akupe mipaka ya mgonjwa wako mapema, presha ikiwa chini ya ngapi nipige simu, mapigo chini ya ngapi nisimpe kidonge kwanza nikakuuliza, usichukue namba za jirani.

Halafu kikohozi. Dawa za kundi la enalaprili, kaptoprili na lisinoprili zinaweza kuleta kikohozi kikavu cha kuwasha koo, na kwa mtu mwenye kidonda kifuani kila kikohozi ni kama unachanika upya, ndo kazi ya ule mto, anaukumbatia kwa nguvu ndo anakohoa. Watu wanakimbilia dawa za mafua za dukani, wasikimbilie, baadhi yake zinapandisha presha. Mwambie daktari, mara nyingi anabadilisha anaweka losatani au ndugu zake na kikohozi kinaisha taratibu, siyo kesho yake. Ila kikohozi chenye makohozi na homa, au kinachokuja na kushindwa kupumua akilala chali, hicho usikisingizie kidonge, mpeleke. Na kundi hilo hilo lina jambo moja nadra ila baya, midomo, ulimi au uso kuvimba, na sisi watu weusi linatupata zaidi kuliko wengine, linaweza kuja hata miezi baadaye. Hapo hakuna kusubiri asubuhi, kidonge kinachofuata hanywi na ni emajensi moja kwa moja.

Miguu kuvimba inachanganya watu kwelikweli kwa sababu ina mabwana wengi. Amlodipini, ile ya kufungua mishipa, inavimbisha vifundo vyote viwili, zaidi jioni, ukiinua miguu inapungua. Aliyefanyiwa baipasi, yaani kuwekewa njia mpya ya damu kwenye moyo, na mshipa ukatolewa mguuni, mguu ule mmoja unaweza kuvimba kwa muda, hiyo ni ya operesheni. Mguu mmoja ukiuma kwenye misuli ya nyuma, ukawa wa moto na mgumu, hapo wasiwasi ni damu kuganda, nenda siku hiyo hiyo. Na miguu yote ikivimba huku uzito unapanda na pumzi inakata, ni moyo unazidiwa na maji. Sasa utajuaje uzito unapanda kama huna mizani? Nunua mizani, apime kila asubuhi akishakojoa kabla ya chai, kilo mbili ndani ya siku mbili tatu siyo ugali, piga simu.

Kuna hili la madafu, natamani ningeambiwa mapema. Wageni wanakuja kumuona mgonjwa na madafu na ndizi, kwa upendo kabisa, wengine wanaleta na ile chumvi "nzuri" ambayo imetengenezwa kwa potasiamu. Vyote hivyo vina potasiamu nyingi, yale madini yanayosaidia mapigo ya moyo. Ukiwa unakunywa spironolaktoni, moja ya dawa za mkojo, au enalaprili au losatani, potasiamu inabaki mwilini, ikizidi sana inavuruga mapigo ya moyo. Upande wa pili furosemidi, dawa nyingine ya mkojo ile watu wanaiita Lasix, inaitoa potasiamu na mtu anakakamaa misuli usiku. Sasa nani ale ndizi na nani asile? Kipimo cha damu ndo kinajibu, potasiamu na figo, kwa kawaida wiki moja au mbili baada ya kuanza au kuongezewa hizo dawa. Usitoke wodini bila tarehe ya hicho kipimo.

Maumivu ya kifua yatakuwepo, na famasi ya mtaani ukisema maumivu unapewa diklofenaki. Kataa. Hiyo na ibuprofeni zinapandisha presha, zinabana figo, na kwa anayekunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Uliza wodini mapema atumie nini, parasetamoli kwa kiasi ndo hupewa wengi.

Wanaume sasa. Baadhi ya hizi dawa zinaweza kupunguza nguvu za kiume na mzee hatakwambia, ataacha kidonge kimyakimya au ataletewa vumbi la Kongo na rafiki wa kijiweni. Kilichomo kwenye hilo vumbi hakijaandikwa popote, na vidonge vya nguvu za kiume vikikutana na dawa za maumivu ya kifua ya moyo za aina ya naitreti presha inaweza kuporomoka mtu akazimia au asirudi. Mpe nafasi aongee na daktari peke yake, wewe mtoto toka nje ukanunue maji. Wanawake walio kwenye umri wa kuzaa waseme kama wanafikiria mtoto, maana enalaprili na losatani na wenzao hazifai kabisa kwenye ujauzito.

Mengine kwa haraka, akiharisha au akitapika sana piga simu kabla ya kumpa dawa ya mkojo na za presha, mwili mkavu na vidonge hivyo haviendani. Ramadhani usibadilishe saa za dawa mwenyewe, panga na daktari kabla ya mwezi kuandama. Mwenye kisukari ajue bisoprololi na wenzake wanaficha kutetemeka na moyo kudunda sukari ikishuka, jasho ndo linabaki kumshtua. Na dawa za mapigo haziachwi ghafla bila daktari kusema, moyo unaweza kurudi kwa kasi mbaya, kwa hiyo zikibaki za wiki moja mtu tayari awe njiani famasi.

Sisi tuna daftari la kurasa 48 limefungwa na kamba kwenye mguu wa meza, asubuhi presha, mapigo, uzito, na mstari mmoja wa anavyojisikia. Mwanzoni nilikuwa naandika mimi, siku hizi anaandika mwenyewe kwa mwandiko wa karani wa reli. Ya juzi inasema: "118 kwa 74. Mapigo 61. Kizunguzungu kidogo saa nne, nilisimama haraka kumfukuza kuku."